Fedha kwa Ekari, Kisu kwa Mgeni: Kwa Nini Miji Midogo ya Iowa na Nebraska Inakwisha

Kaunti ya Audubon na kaunti ya Buena Vista ziko upande mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani, upande wa magharibi. Udongo ni ule ule mweusi, mazao ni yale yale, mahindi na soya, na safari ya gari kutoka moja hadi nyingine haifiki saa mbili. Mwaka 1900 Audubon ilikuwa na watu 13,626. Sensa ya 2020 ilihesabu 5,674. Buena Vista ilikuwa na watu 20,260 mwaka 2010, na kufikia 2020 walikuwa 20,823. Ongezeko hilo ni dogo, lakini limetokea katika miaka kumi ambayo kaunti 68 kati ya 99 za Iowa zilipungukiwa na watu.

Kinachozitofautisha ni nyama. Storm Lake, makao makuu ya Buena Vista, ina viwanda vya kuchinja nguruwe na bata mzinga, na wafanyakazi wake wengi walizaliwa Mexico, Guatemala, Laos au visiwa vya Micronesia. Katika shule za mji huo watoto wa Kizungu ni wachache, na wanafunzi huja na lugha nyingi za nyumbani. Audubon haina kiwanda cha ukubwa huo, wala wageni wa idadi hiyo.

Mabishano huanzia hapo. Wapo wanaosema wahamiaji ndio dawa ya miji inayokufa, na wapo wanaosema wageni wamechukua kazi na kushusha mishahara. Nadhani pande zote mbili zinaisimulia habari hii kuanzia katikati. Kabla ya kuuliza nani ameingia, lazima tuulize waliokuwapo waliondolewa na nini. Jibu limo katika sera ya kilimo, sehemu ambayo wengi huiruka kwa sababu imejaa tarakimu na majina ya programu za serikali. Nitajaribu kuifungua, maana bila hiyo habari ya wahamiaji haieleweki.

Wakati mgeni alipopewa ardhi

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alisaini sheria iitwayo Homestead Act. Ilimruhusu mkuu wa kaya kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali karibu bure, kwa sharti la kuishi hapo miaka mitano, kujenga nyumba na kulima. Mwombaji hakulazimika kuwa raia. Mgeni aliyekwisha kutangaza rasmi nia ya kuwa raia alistahili kuomba sawa na mzaliwa. Wajerumani, Wanorwe, Waswidi na Wacheki waliitikia kwa maelfu wakajaa Nebraska, Kansas na Dakota. Iowa, iliyofunguliwa mapema zaidi, sehemu kubwa iliuzwa kwa bei ya chini kwa watu wa aina hiyo hiyo. Ardhi yenyewe ilikuwa imenyang'anywa mataifa ya wenyeji, Wapawnee, Waomaha, Wadakota na Waioway, na hao wa mwisho ndio waliobaki katika jina la jimbo.

Maana yake ni kwamba sera ya uhamiaji na sera ya kilimo wakati huo zilikuwa kitu kimoja. Serikali ilitaka watu, ikawapa ardhi. Ekari 160 zilikuwa kiasi ambacho familia moja yenye farasi iliweza kulima, hivyo kaya zilisongamana, na msongamano huo ndio uliozaa miji. Kila baada ya maili chache palikuwa na shule, kanisa, duka, mhunzi na kituo cha reli. Mji mdogo wa mashambani wa Marekani haukuota wenyewe. Ulitokana na uamuzi kuhusu ukubwa wa shamba na kuhusu nani anaruhusiwa kulimiliki.

Fedha zilivyoanza kufuata ekari

Idadi ya mashamba Marekani ilifika kilele mwaka 1935, mashamba milioni 6.8. Sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu milioni 1.9. Shamba la wastani sasa ni ekari 463, na umri wa wastani wa mkulima ni miaka 58. Trekta, mbolea za viwandani na mbegu chotara zingepunguza mikono shambani kwa vyovyote vile. Hakuna sheria ambayo ingezuia hilo. Sheria iliamua jambo jingine, nalo ni nani abaki na faida ya mashine hizo.

Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Franklin Roosevelt ilianza kuwalipa wakulima wapunguze kilimo ili bei zipande. Malipo yalihesabiwa kwa ekari. Katika mashamba ya pamba ya kusini, wenye ardhi wengi walipokea fedha hizo kisha wakawafukuza wakulima waliolima kwa kugawana mavuno, wengi wao Wamarekani weusi. Huo ulikuwa mfano wa mapema wa kanuni ambayo haijabadilika sana hadi leo: fedha za umma hufuata ardhi, hata pale ardhi inapobaki bila watu.

Miaka ya 1970 kanuni hiyo ilitiwa kasi. Muungano wa Kisovieti ulinunua nafaka nyingi mno mwaka 1972, bei zikaruka, na Waziri wa Kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime kutoka ua hadi ua na wapanue mashamba. Benki zilikopesha kwa dhamana ya ardhi iliyokuwa ikipanda bei kila mwaka. Kisha Benki Kuu chini ya Paul Volcker ikapandisha riba ili kuua mfumuko wa bei, na Januari 1980 Rais Jimmy Carter akazuia kuwauzia Wasovieti nafaka kwa sababu ya kuivamia Afghanistan. Ekari moja ya Iowa iliyokuwa na thamani ya wastani wa dola 2,147 mwaka 1981 ilishuka hadi dola 787 mwaka 1986. Mkulima aliyekopa kwa bei ya juu alikuta deni limeizidi ardhi. Mashamba yaliuzwa kwa mnada, benki za vijijini zikafa, waandamanaji wakasimika misalaba myeupe mbele ya mahakama za kaunti, mmoja kwa kila shamba lililopotea. Iowa iliyokuwa na watu milioni 2.91 mwaka 1980 ilibaki na milioni 2.78 mwaka 1990. Walioondoka zaidi walikuwa vijana, na kijana anapoondoka huondoka pia na watoto ambao angewazaa pale. Miji hiyo bado inalipa pengo hilo.

Tazama sasa mfumo wa leo. Sheria ya Kilimo, ambayo Bunge hutakiwa kuipitisha upya kila baada ya miaka mitano hivi, ina nguzo mbili kwa wakulima wa nafaka. Ya kwanza ni malipo yanayotolewa bei au mapato yanaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa, na malipo hayo huhesabiwa kwa ekari zilizoandikishwa kwa historia ya shamba, hata kama mwaka huo hukupanda zao hilo. Ya pili ni bima ya mazao, ambayo serikali hulipa wastani wa asilimia 62 ya ada yake, bila kikomo cha ukubwa wa shamba. Nguzo ya kwanza ina kikomo kwa kila mtu, lakini familia na washirika wanaweza kujigawa katika kampuni ya ubia, kila mmoja akahesabiwa peke yake.

Sasa mzee mwenye ekari 300 anastaafu na jirani wawili wanazitaka. Mmoja ana ekari 400, mwingine 4,000. Mwenye 4,000 ana bima iliyolipiwa kwa sehemu kubwa na serikali kwa kila ekari, ana malipo ya kumkinga bei ikishuka, na gharama ya trekta lake ameshaitawanya kwenye eneo kubwa. Anaweza kutoa bei ambayo mwenzake hawezi kuifikia. Kwa namna hiyo ruzuku haibaki mfukoni mwa mkulima. Huingia katika bei ya ardhi na kodi ya kukodi shamba. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hukodishwa, na wenye ardhi wengi hawalimi tena. Ongeza sheria za mwaka 2005 na 2007 zilizolazimisha ethanoli kuchanganywa katika petroli, ambazo leo humeza zaidi ya theluthi ya mahindi ya Marekani, na ardhi ikapanda tena. Mwaka 2023 ekari moja ya Iowa ilikuwa na thamani ya wastani wa dola 11,835. Ekari 160, kipimo kile kile cha Lincoln, zingemgharimu kijana karibu dola milioni 1.9 kabla hajanunua hata jembe. Na bado zisingemtosha kuishi.

Nguruwe walifuata njia hiyo hiyo. Zamani karibu kila shamba la Iowa lilikuwa na nguruwe kadhaa, na ndio waliolipa mkopo na karo. Leo jimbo lenye watu milioni 3.2 lina nguruwe zaidi ya milioni 20, lakini wamo katika mashamba yasiyofika 6,000, wengi wakifugwa kwa mkataba kwa niaba ya kampuni.

Kwamba hali hii huua miji si dhana mpya. Katika miaka ya 1940 mtafiti Walter Goldschmidt, akifanya kazi na Wizara ya Kilimo, alilinganisha miji miwili ya California yenye mavuno ya thamani inayokaribiana. Arvin ulizungukwa na mashamba makubwa, Dinuba na mashamba ya familia. Dinuba ulikuwa na biashara karibu mara mbili, shule zaidi, bustani za umma zaidi, na watu wake walijitawala zaidi. Matokeo hayo yaliwaudhi wenye mashamba makubwa, na hatua ya pili ya utafiti ikazuiwa. Naona uchungu kusoma habari hiyo, kwa sababu swali lililoulizwa miaka themanini iliyopita lilijibiwa vizuri, kisha jibu likawekwa kando.

Mshahara ulishuka kwanza

Nyama ya Marekani ilikuwa kazi ya miji mikubwa, Chicago, Omaha, Sioux City, na ya vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Mchinjaji mwenye uzoefu aliweza kununua nyumba na kusomesha watoto. Kampuni ya Iowa Beef Packers, iliyojulikana baadaye kama IBP, ilianza mwaka 1960 na kufungua kiwanda Denison, Iowa, ikiwa na mawazo mawili. La kwanza, kukipeleka kiwanda kwa ng'ombe badala ya kuwaleta ng'ombe mjini, na hivyo kuwa mbali na vyama. La pili, kukatakata kazi yenyewe: badala ya mtu mmoja kujua kuchuna na kukata mnyama mzima, kila mmoja asimame kwenye laini ya uzalishaji arudie mkato mmoja ule ule, mara elfu kadhaa kwa shifti. Kazi ya fundi ikawa kazi ya yeyote atakayestahimili maumivu ya mikono.

Washindani waliiga au wakafa. Kiwanda cha Rath huko Waterloo, kilichokuwa mhimili wa mji, kilifungwa 1985. Wafanyakazi wa Hormel huko Austin, Minnesota, waligoma 1985 na 1986 kupinga kupunguzwa mishahara, wakashindwa. Huko Storm Lake, kampuni ya Hygrade ilifunga kiwanda chake 1981. IBP ilikinunua na kukifungua mwaka uliofuata kwa malipo ya chini. Wenyeji waliofanya kazi pale zamani wengi hawakuitwa, na vijana waliokimbia anguko la kilimo hawakurudi kwa kazi ya namna hiyo.

Mpangilio huu wa matukio ni muhimu kuliko takwimu yoyote katika makala haya. Vyama vilivunjwa, mshahara ukakatwa, kazi ikafanywa ya kuumiza, na baada ya hapo ndipo kampuni zikaanza kutafuta watu mbali. Wageni hawakuushusha mshahara ule, waliukuta chini. Ni kweli kwamba kuwapo kwao kuliziwezesha kampuni kutoupandisha tena haraka, na mwenyeji anayelalamikia hilo hasemi uongo. Lakini malalamiko yake yanamwangukia mtu aliyesimama naye kwenye laini moja, siyo aliyepanga mwendo wa laini.

Wa kwanza kufika Storm Lake walikuwa Walao na Watai Dam. Mwaka 1975 gavana wa Iowa, Robert Ray, wa chama cha Republican, aliitikia ombi la Watai Dam waliokimbia Asia ya Kusini Mashariki na kulipokea kundi zima pamoja, jambo ambalo hakuna gavana mwingine alilithubutu. Baadaye baadhi yao wakavutwa na kazi ya IBP, kisha wakaja Wameksiko, kisha wengine. Baadhi ya Wameksiko waliokuja baada ya mkataba wa biashara huria wa 1994 walikuwa wakulima wadogo wa mahindi, walioshindwa kushindana na mahindi ya Marekani yaliyolimwa kwa ruzuku. Sera ile ile iliyowaondoa wakulima wadogo wa Iowa iliwagusa wakulima wadogo wa Mexico, na watoto wa wote wawili wakajikuta wanatafuta mshahara.

Waswahili kwenye laini

Kwa msomaji wa Kigoma, Bukavu au Bujumbura, habari hii si ya mbali. Kuanzia 2013 Marekani ilianza kupokea kwa wingi wakimbizi wa Kongo kutoka kambi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Hadi 2024 walikuwa wamezidi 100,000, na mwaka wa fedha wa 2024 pekee walikuwa karibu 20,000. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikuwa wametangulia kuanzia 2007. Wengi walitua kwanza katika miji kama Des Moines, wakakaa miezi michache, kisha ndugu wakapiga simu kwamba huku kwenye nyama wanalipa dola 20 kwa saa na hawaulizi Kiingereza. Ndivyo Kiswahili kilivyofika Waterloo, Cedar Rapids na miji mingine ya Iowa, kwenye chumba cha mapumziko, kwenye makanisa yaliyokodiwa Jumapili mchana, na kwenye vikao vya wazazi shuleni ambako mkalimani huitwa.

Aprili 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 uliingia kiwanda cha nyama cha kampuni ya Tyson huko Waterloo, na zaidi ya wafanyakazi 1,000 waliambukizwa. Walikuwamo Wakongo, Wabosnia, Waburma na Wamarekani weusi wa mji huo. Mwishoni mwa mwezi huo amri ya Rais Donald Trump iliitaja nyama kuwa bidhaa ya lazima ili viwanda visifungwe. Kazi yao ilihesabiwa kuwa ya lazima kwa taifa, na hata hivyo walisimama bega kwa bega bila nafasi.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Wengi wa watu hawa ni wakulima. Mbembe wa Fizi au Mrundi wa Makamba alikua na jembe mkononi. Katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, aliishi miaka ishirini au zaidi chini ya sera iliyomzuia kutoka kambini kulima. Kisha amepelekwa kwenye mojawapo ya ardhi zenye rutuba kuliko zote duniani, amezungukwa na mahindi hadi upeo wa macho, na hakuna mlango wowote wa kumfikisha kwenye ekari hata kumi. Amepewa kisu.

Tanzania yenyewe ina kumbukumbu ya njia nyingine. Warundi wa 1972 walipofika, waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakagawiwa mashamba. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yanajitegemea, Umoja wa Mataifa ukayakabidhi kwa serikali, na baadaye watu zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Mambo hayakwenda bila machungu, lakini kanuni ilikuwa ile ile ya Lincoln, kwamba mgeni mwenye ardhi huwa mkazi.

Makaratasi

Sheria za uhamiaji za Marekani zina mlango mmoja mpana kwa wafanyakazi wa kilimo, nao ni visa ya H-2A, iliyopata sura yake ya sasa mwaka 1986. Haina kikomo cha idadi: mwaka 2005 nafasi zilizoidhinishwa zilikuwa 48,000 hivi, mwaka wa fedha wa 2024 zilikaribia 385,000. Lakini ni ya msimu. Mtu huja kuvuna, hulala kwenye nyumba ya mwajiri, huondoka. Haleti mke wala watoto kwa urahisi, haweki akiba yake katika benki ya mji, hafungui duka. Kazi za mwaka mzima kama kukamua ng'ombe Wisconsin au kuchinja Nebraska haziruhusiwi. Visa hiyo huokoa mavuno. Mji unaohitaji wakazi haiusaidii.

Mwaka 2019, na tena 2021, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungewapa wafanyakazi wa mashambani wasio na vibali njia ya kuhalalishwa, na kuruhusu sehemu ya visa hizo kwa kazi za mwaka mzima. Mara zote mbili ulikwama Seneti. Kinachobaki kwa viwanda ni wakimbizi, wenye vibali vya muda, na wenye nyaraka za kuazima.

Mji unaojengwa juu ya vibali vya aina hiyo unaweza kuvunjwa kwa asubuhi moja. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha Agriprocessors huko Postville, Iowa, mji wenye watu wapatao 2,300. Walikamatwa 389, wengi wao Waguatemala. Madarasa yalibaki na madawati matupu, nyumba za kupanga zikabaki wazi, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imefilisika. Juni 2025 msako kama huo ulifanyika Omaha katika kiwanda kimoja cha nyama, wakakamatwa zaidi ya 70, ingawa mwajiri alikuwa akitumia mfumo wa serikali wenyewe wa kuhakiki wafanyakazi. Mwezi uliofuata wafanyakazi 200 wa kiwanda cha nyama cha JBS cha Ottumwa, Iowa, walijulishwa kwamba vibali vyao vya muda vimefutwa. Nao mpango wa wakimbizi ulisimamishwa siku Trump alipoapishwa, Januari 2025, na kikomo cha mwaka wa fedha wa 2026 kikawekwa watu 7,500, wengi wa nafasi hizo zikielekezwa kwa Makaburu wa Afrika Kusini.

Watu huuliza kwa nini kaunti zinazowategemea wageni huwapigia kura wanaotaka kuwafukuza. Eneo la Storm Lake liliwakilishwa Bungeni na Steve King kuanzia 2003 hadi mwanzo wa 2021, na alijulikana nchi nzima kwa maneno makali dhidi ya wahamiaji. Jibu la chuki peke yake halinitoshi. Kiwanda kiko katika mji mmoja, wapiga kura wako katika miji kumi na mitano isiyo na kiwanda. Huko wanachokiona ni shule iliyounganishwa na ya mji jirani, hospitali iliyofunga wodi ya uzazi, na duka la mwisho lililofungwa. Anayekuja kuwaeleza sababu huwataja wageni, kwa kuwa mgeni anaonekana kwa macho. Hesabu ya ekari na ada ya bima haionekani.

Kiwanda nacho huondoka

Lexington, Nebraska, ulikuwa na kiwanda cha kutengeneza mashine za kuvunia. Kilifungwa katikati ya miaka ya 1980, wakulima waliposhindwa kununua mashine. Mwaka 1990 IBP ilifungua kiwanda cha ng'ombe katika majengo hayo hayo, na mji uliokuwa na watu 6,601 ukapita 10,000 kufikia 2000. Wameksiko na Waguatemala walifungua maduka barabara kuu, Wasomali wakafungua msikiti, shule zikajaa. Kwa miaka 35 Lexington ulitajwa kama ushahidi kwamba mji wa mashambani unaweza kufufuka.

Novemba 2025 kampuni ya Tyson, iliyoinunua IBP mwaka 2001, ilitangaza kukifunga kiwanda hicho Januari 2026. Wafanyakazi walikuwa 3,200 hivi. Sababu iliyotolewa ilikuwa hasara katika biashara ya ng'ombe, na kweli idadi ya ng'ombe Marekani ilikuwa imeshuka hadi kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1951. Perry, Iowa, mji wa watu 8,000 hivi, ulikuwa umepoteza kiwanda chake cha nguruwe cha Tyson 2024, na kazi zaidi ya 1,200. Makampuni manne yanachinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchini humo. Kufunga kiwanda kimoja kwao ni kupanga upya hesabu, kwa mji ni kupoteza mapato ya kaya nyingi.

Hapa ndipo tofauti kati ya mgeni wa 1862 na mgeni wa leo inapoonekana vizuri. Mnorwe aliyepata ekari 160 aliweza kubaki ukame ulipokuja, kwa sababu alikuwa na kitu cha kubakia. Mfanyakazi wa Lexington ana nyumba yenye mkopo ambayo bei yake inashuka siku kiwanda kinapofungwa. Wahamiaji hawajashindwa kuiokoa miji hii. Wameitwa kuziba tundu huku sera inayolitoboa ikiendelea kulipwa.

Na imeongezewa. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilitenga dola bilioni 60 na zaidi kwa programu za kilimo, ikapandisha kikomo cha malipo kwa mtu mmoja kutoka dola 125,000 hadi 155,000, ikarahisisha kampuni za familia kuhesabu vikomo vingi, na ikaruhusu ekari mpya hadi milioni 30 kuandikishwa. Sheria hiyo hiyo iliwaondolea wakimbizi wapya msaada wa chakula wa SNAP, fedha ambazo katika mji mdogo hutumika kwenye duka la mji huo huo.

Njia nyingine zipo na zimejaribiwa. Huko Wales, jimbo la Maine, Wabantu wa Kisomali, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu na baadhi yao bado wanazungumza Kizigula, wanalima ekari zaidi ya 100 kwa mkataba wa miaka 99 kupitia amana ya ardhi ya jamii, yaani ardhi inayoshikiliwa kwa niaba ya jamii, wakipanda mahindi ya unga na mboga. Ni ardhi ndogo, lakini haiwezi kuuzwa juu ya vichwa vyao. Kikomo cha malipo kisichokwepeka, bima inayopunguziwa mchango wa serikali baada ya ekari kadhaa, mikopo ya ardhi kwa anayeanza bila kujali alizaliwa wapi, na vibali vya kudumu kwa wanaofanya kazi za mwaka mzima: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji uvumbuzi. Seneta Chuck Grassley wa Iowa, mkulima mwenyewe na mtu wa Republican, amepigania kikomo kikali cha malipo kwa miaka mingi na kushindwa mara kwa mara Bungeni, hata chama chake kilipoliongoza.

Muda wa kuamua si mrefu. Theluthi mbili hivi ya ardhi ya kilimo ya Iowa inamilikiwa na watu wenye umri wa miaka 65 au zaidi. Katika miaka ishirini ijayo sehemu kubwa yake itarithiwa au kuuzwa, na warithi wengi wanaishi Minneapolis, Denver au Chicago. Kwa sheria zilivyo leo, mwenye ekari 4,000 ndiye atakayezikodi au kuzinunua.